Nani anashika daftari la levo?

Wiki hii naweka siasa pembeni. Bunge lipo, litakuwepo wiki ijayo, na waheshimiwa hawatakimbia. Leo nataka kuongea kuhusu levo.

Ndiyo, levo. Ile namba inayokaa pembeni ya jina la mhusika wako kwenye gemu. Wachezaji wanaitaja kama askari anavyotaja cheo chake. Mmoja anasema "mimi nipo levo ya 42", na mwenzake aliye kwenye 17 anakaa kimya kwa heshima. Namba hii imeenea mpaka tumeacha kuiona. Ipo kwenye gemu za bunduki, ipo kwenye programu za kujifunzia lugha kwenye simu. Lakini haikuota yenyewe kama majani. Ilibuniwa na watu wanaojulikana, mahali panapojulikana, na wawili kati yao waliishia kushitakiana.

Nimekuwa nikifuatilia habari zake kwa muda sasa, na kila nikigeuka nakutana na kitu kimoja. Levo ni kumbukumbu ya muda uliotumia. Kumbukumbu inahitaji daftari, kama lile la mwenye duka anapoandika nani anadaiwa sukari. Na ukitaka kujua nani mkubwa kati ya mwenye duka na mteja, angalia daftari linalala kwa nani.

Kwa ambao hamjawahi kushika gemu za kuigiza mhusika, zile wachezaji wanaziita RPG, nieleze haraka haraka. Unapewa mtu, tuseme mpiganaji. Mwanzoni ni dhaifu kiasi kwamba panya wawili wanamtoa jasho. Akishinda anapata pointi, ambazo huitwa pointi za uzoefu. Pointi zikifika kiasi fulani levo inapanda: uhai unaongezeka, upanga unalenga vizuri zaidi, na kama ni mchawi anapata uchawi mpya. Kisha kiasi kinachotakiwa kwa levo inayofuata kinakuwa kikubwa kuliko kile cha kwanza, na unaanza tena kuhesabu. Basi. Mtambo mzima ni jedwali lenye safu mbili. Maajabu ni jinsi jedwali hilo lilivyoweza kukesha na watu miaka hamsini.

Babu yake levo ni jeshi. Mwaka 1812 ofisa mmoja wa serikali ya Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, alimwonyesha mfalme wake mchezo wa vita wa mezani, na mwaka 1824 mwanawe akachapisha kanuni ambazo zilitumika kuwafundisha maofisa. Kulikuwa na ramani, dadu, vipande vya kuwakilisha vikosi, na mwamuzi. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya, akachapisha kitabu cha kanuni za vita vya vinyago vya askari, Little Wars. Yote hiyo ilikuwa michezo ya mahesabu, nguvu za kikosi dhidi ya kikosi, hasara, ushindi. Levo hakuna. Sababu ni rahisi sana: askari wa mezani hana kesho. Mchezo ukiisha anarudi kwenye boksi, na Jumamosi ijayo anatolewa akiwa mgeni kabisa.

Sasa turuke hadi Marekani, jimbo la Minnesota, mwaka 1969. Kijana anaitwa David Wesely anaandaa mchezo wa vita katika mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, enzi za Napoleon. Badala ya kumpa kila mchezaji jeshi, wengine anawapa mtu mmoja mmoja: huyu meya, yule mkuu wa chuo kikuu, yule kiongozi wa wanafunzi. Mchezo ukavurugika. Watu wakaanza kunong'onezana pembeni, kupanga njama, kutongozana kisiasa. Wesely akadhani ameharibu. Wachezaji wakaomba mwingine.

Mmoja wa wachezaji wale alikuwa Dave Arneson. Kuanzia mwaka 1971 akaandaa wa kwake, Blackmoor: nchi ya ngome, wachawi na mahandaki yenye madude chini ya ngome. Walicheza kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake. Na hapa ndipo jambo lenyewe lilipotokea, kwa maoni yangu. Wachezaji walirudi wiki baada ya wiki wakiwa na mtu yule yule. Aliyepona wiki jana amepona. Aliyekatwa amekatwa. Kwa mara ya kwanza askari wa mezani alikuwa na kesho.

Kanuni ambazo Arneson aliazima kwa ajili ya mapigano zilikuwa za kijitabu cha mwaka 1971 kiitwacho Chainmail, cha Gary Gygax na Jeff Perren. Kijitabu hicho kilikuwa na nyongeza ya mambo ya kubuni, na humo kulikuwa na kipande kiitwacho Shujaa, ambaye anapigana sawa na watu wanne, na Shujaa Mkuu, sawa na wanane. Fikiria wewe ndiye mchezaji. Umekuja na mtu wako wa kawaida wiki ya sita mfululizo, ameua madude, amepata dhahabu, ana kovu. Bado ni mtu mmoja? Lakini pia hajawa watu wanne. Kuna pengo kati ya moja na nne, na pengo lile lilihitaji vidato.

Nani aliweka kila kidato, waliokuwepo wamekuwa na simulizi tofauti. Ila ushahidi umebaki ndani ya mchezo wenyewe kama alama ya kitovu. Dungeons & Dragons ilipochapishwa mwaka 1974, na majina ya Gygax na Arneson juu, mpiganaji wa levo ya nne aliitwa Shujaa, na wa nane akaitwa Shujaa Mkuu. Nne na nane. Vidato vya kati ndivyo vilivyojazwa.

Ngoja nikae kidogo hapa kwa sababu jedwali la 1974 ni tamu. Ulikuwa mradi mdogo kabisa: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 za mwanzo, dola 10. Gygax alikuwa amepoteza kazi yake ya bima na alikuwa akishona viatu ili familia ile. Mpiganaji wake alihitaji pointi 2,000 kufika levo ya pili. Ya tatu 4,000. Ya nne 8,000. Kisha 16,000, 32,000, 64,000. Mnaikumbuka ile hadithi ya punje za mchele kwenye ubao wa sataranji? Ndiyo hiyo hiyo. Kasisi alianza na 1,500, mchawi na 2,500, kwa hiyo hata bei ya kupanda haikuwa sawa kwa wote. Mchawi alianza maisha akiwa karatasi, pigo moja na kwisha, lakini akifika juu ndiye wa kuogopwa. Kila levo ilikuwa na jina lake, na mpiganaji wa levo ya tisa aliitwa Bwana, mtu wa kujenga ngome na kutoza kodi. Huu ulikuwa utumishi wa umma kabisa, una madaraja na kustaafu kwa heshima!

Neno lenyewe lilikuwa tatizo. Kiingereza kilitumia neno moja kwa vitu vinne: levo ya mhusika, levo ya handaki, levo ya uchawi, levo ya dude. Katika kitabu cha wachezaji cha 1978 Gygax alieleza kwamba walifikiria kutumia maneno tofauti, wakaacha kwa sababu watu walishazoea. Nacheka nikisoma hilo, kwa sababu Kiswahili kingemwokoa bila jasho. Mhusika ana cheo, handaki lina ghorofa, uchawi una daraja, dude lina nguvu. Lakini na sisi tumeona uvivu, tukasema levo, tukamaliza.

Sasa, pointi zilitoka wapi? Wengi wanadhani ni kwa kuua. Mwaka 1974 ziliingia kwa njia mbili, madude uliyoyashinda na dhahabu uliyoitoa nje ya handaki, sarafu moja kwa pointi moja. Mwaka uliofuata nyongeza iitwayo Greyhawk ikazipunguza sana pointi za kuua madude madogo. Kwa hiyo dhahabu ndiyo ikawa njia kuu. Hebu lifikirie jambo hili kama mchezaji. Ukipigana na joka unaweza kufa. Ukimvizia joka amelala ukabeba dhahabu yake, unapata karibu kila kitu bila kupigwa hata kofi. Jedwali lilikuwa linafundisha ujanja. Sungura angefika levo ya tisa kabla ya simba.

Tena kulikuwa na kanuni ya kuzuia uvivu. Mchawi wa levo ya 8 akihangaika na madude ya ghorofa ya 5 anapata 5/8 tu ya pointi. Huwezi kujitajirisha kwa kuonea wanyonge. Ukitaka kupanda, shuka chini zaidi. Handaki na ngazi vilifungwa pamoja, na huo ndio mtambo ambao gemu zote zilizofuata zimeurithi kwa namna moja au nyingine.

Na daftari? Lilikuwa karatasi, umeliandika mwenyewe kwa penseli, unalikunja unaliweka mfukoni unaondoka nalo. Mwongoza mchezo wa meza nyingine angeweza kulikataa, lakini hakuna mtu angeweza kulifuta ukiwa umelala.

Wale waliobuni mambo haya hawakuwa na amani hiyo. Arneson aliondoka kwenye kampuni ya Gygax mwaka 1976. Yakatoka matoleo mapya yenye neno "Advanced" mbele, na jina la Arneson halipo tena kama mtunzi, wala mrahaba. Mwaka 1979 akaenda mahakamani. Wakamalizana 1981 kwa makubaliano kwamba wote wawili watambuliwe kuwa wabunifu wenza wa mchezo. Gygax naye akatolewa kwenye uongozi wa kampuni aliyoianzisha mwaka 1985. Amefariki Machi 2008, na Arneson Aprili 2009. Sisi waandishi tunajua vizuri habari ya jina kuondolewa juu ya makala, kwa hiyo mtanisamehe nikiwa upande wa Arneson.

Lazima niseme pia kwamba kulikuwa na waliokataa levo mapema kabisa. Mwaka 1977 ulitoka mchezo wa anga za juu, Traveller, ambao mhusika wako anaanza akiwa ameshamaliza utumishi wake, mtu mzima mwenye ujuzi, na haendi popote kupanda cheo. Unaweza hata kumpoteza akafa wakati bado unatengeneza wasifu wake! Mwaka 1978 ukatoka RuneQuest, ambao hauna levo kabisa: ukitumia mkuki, mkuki ndio unaoimarika. Kimantiki hawa wana haki kuliko Gygax. Hakuna mtu anayejifunza kuogelea kwa kuiba dhahabu. Lakini kompyuta zilipofika, karibu zote zilibeba levo, na nadhani ni kwa sababu levo ni namba moja, na kompyuta inapenda namba.

Kompyuta ya kwanza kushika daftari hilo haikuwa ya nyumbani. Ulikuwa mtandao wa masomo uitwao PLATO, uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1975 Rusty Rutherford aliandika humo gemu ya mahandaki na kuipa jina la faili lisilo na ladha yoyote, pedit5, ili ifanane na faili za kazi. Haikusaidia. Wasimamizi waliigundua wakaifuta, na wahusika wa watu wakaenda nayo. Mwaka huo huo Gary Whisenhunt na Ray Wood wa Southern Illinois wakaandika nyingine, dnd, iliyodumu. Nawaza wale wanafunzi walioamka siku ile wakakuta mtu wao hayupo. Walikuwa wa kwanza kujua kwamba levo yako inaweza kufutwa na mtu asiyejua hata jina lako.

Mwaka 1981 daftari likarudi nyumbani likiwa diski. Andrew Greenberg na Robert Woodhead waliokuwa Cornell walitoa Wizardry kwa kompyuta za Apple II. Ulikuwa na wahusika sita, na ili kupanda levo ilibidi ukalale hotelini. Ukiamka, nguvu au akili zako ziliweza kupanda, na ziliweza kushuka pia. Gemu iliandika kifo kwenye diski papo hapo, bila huruma, hivyo wachezaji walijifunza kuichomoa diski haraka kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Nikisoma hivi namwona mtu anayemnyang'anya karani kalamu.

Kisha Wajapani. Yuji Horii alikuwa ameipenda Wizardry pamoja na Ultima ya Richard Garriott, na tarehe 27 Mei 1986 Dragon Quest ikatoka kwa mashine ya Famicom ya Nintendo. Horii aliwalenga watu wasio na mikono mepesi. Kama joka limekushinda, hukosi kipaji, umekosa levo tu. Zunguka msituni kidogo, rudi. Levo ya pili ilihitaji pointi 7. Kale ka-ute ka buluu kanakokutana nawe nje ya mji kalitoa pointi 1. Levo ya mwisho ilikuwa 30, na pointi zake ni 65,535, namba ambayo wataalamu wa kompyuta mtaitambua mara moja: ndiyo kubwa kuliko zote inayoingia katika biti 16. Daftari lilijaa hadi mstari wa mwisho, kihalisi. Ukifa unapoteza nusu ya fedha, lakini pointi zako hazigusi mtu. Na kwa kuwa kaseti haikuwa na sehemu ya kuhifadhi, ukienda kulala unapewa maneno ya siri ya herufi 20 uandike kwenye karatasi. Ukikosea herufi moja, kwaheri. Lakini karatasi ilikuwa yako.

Hapa nitie jambo la kwetu. Kizazi changu kilijifunza gemu kwenye mabanda ya PlayStation, unalipia kwa nusu saa, na wote mnakumbuka tulicheza nini: mpira na ngumi. Gemu za levo hatukuzijua, na sababu siyo lugha wala utamaduni kama wanavyopenda kusema watu wa semina. Ni memori kadi. Ilikuwa moja, ya mwenye banda, na ukiacha mhusika wako humo jioni, asubuhi kuna dogo amehifadhi ligi yake ya mpira juu yake. Nani atalipia masaa arobaini kujenga kitu kwenye daftari la jirani? Mpira wa nusu saa unaanza na kuisha, kama wale askari wa Prussia.

Zipo gemu zilizojaribu njia ya RuneQuest. Final Fantasy II ya mwaka 1988 ilifuta levo: ukitumia upanga unaimarika upanga, na ukipigwa unaongezeka uhai. Wachezaji walifanya nini? Wakaanza kuwapiga wenzao wenyewe, ili wote waongezeke uhai haraka. Kikosi cha mashujaa kimesimama porini kinatwangana makofi. Kuna funzo hapo kwa yeyote anayeandika vigezo vya kupandisha watu vyeo ofisini. Na mwaka 2006 Oblivion ilifanya kioja kingine: dunia nzima inapanda levo pamoja nawe, mpaka majambazi wa barabarani wanavaa deraya za thamani kubwa. Lakini levo inapanda ukilala tu. Kwa hiyo waliojanjaruka hawakulala, wakamaliza kazi ya kuiokoa dunia wakiwa levo ya 1.

Ila jambo kubwa zaidi lilitokea daftari lilipohamia kwenye seva za kampuni. EverQuest, Machi 1999. Sasa mhusika wako hayupo kwenye diski yako wala mfukoni. Yupo kwao, na unalipa kila mwezi ili umwone. Levo zilikuwa 50, na ukifa unapoteza pointi, na ukipoteza za kutosha levo inashuka. Tena kwa jinsi hesabu zilivyopangwa, levo kama ya 30, 35, 40 na 45 zilichukua karibu mara mbili ya jirani zake. Wachezaji waliziita za jehanamu. Ukiangalia kwa jicho la biashara, mwezi mmoja zaidi wa jehanamu ni mwezi mmoja zaidi wa malipo. Sisemi walipanga hivyo. Nasema mwenye duka hakuumia.

World of Warcraft ilipokuja Novemba 2004 ikawa na huruma zaidi: levo 60, ukifa hupotezi pointi. Na kuna kisa chake kimoja nakipenda kuliko vyote. Wakati wa majaribio, waliweka kanuni kwamba ukicheza muda mrefu mhusika anachoka, pointi zinakuwa nusu. Watu wakapiga kelele. Kampuni ikabadilisha maelezo: aliyepumzika anapata asilimia 200, kisha anarudi kwenye 100 ya kawaida. Kilichokuwa cha kawaida kikaitwa zawadi, kilichokuwa adhabu kikaitwa cha kawaida. Kelele zikaisha. Nimewahi kuripoti bajeti za halmashauri, na naapa nimeliona jambo hili hili likifanyika kwa sura nyingine.

Mwaka 2010 waliokuwa wakilipia walifika milioni 12. Na palipo na muda wa watu wenye fedha, watu wasio na fedha watatafutwa wautumie kwa niaba yao. Mwandishi Julian Dibbell alikwenda China na mwaka 2007 akaandika kwenye jarida la The New York Times kuhusu vijana waliokaa zamu za masaa 12, usiku kucha, wakiua madude yale yale kukusanya dhahabu ya gemu. Kwa kila sarafu 100 kijana alilipwa kama dola 1.25, sawa na senti 30 kwa saa. Sarafu hizo hizo zilipomfikia mchezaji wa Marekani au Ulaya ziliweza kufika dola 20. Wengine hawakukusanya dhahabu, walipandisha levo: mteja anatoa neno lake la siri, anaenda kazini, anarudi mwezi ujao mtu wake amekua. Mwaka 2011 The Guardian likachapisha ushuhuda wa mfungwa aliyesema kwamba kwenye kambi ya kazi walivunja mawe mchana na usiku wakalazimishwa kucheza gemu za mtandaoni kwa faida ya walinzi. Tulianza na vijana kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mzee Arneson. Tumefika jela.

Kampuni ilipiga vita biashara ya hawa wa nje kwa miaka. Halafu mwaka 2014 ikafungua duka lake: dola 60, na mhusika wako anaruka moja kwa moja hadi levo ya 90. Kwa hesabu ya jedwali, kilichouzwa hapo ni masaa ambayo hutayacheza. Unalipa ili usicheze mchezo unaoulipia! Bado inanishangaza, ingawa naelewa mtu mwenye mtoto mchanga na kazi ya kutwa anayetaka kuwafikia marafiki zake walioko juu.

Na dari liliendelea kupanda. 70 mwaka 2007, 80 mwaka 2008, 85 mwaka 2010, kisha 90, 100, 110, na 120 mwaka 2018. Kila toleo jipya la gemu linauza vidato vipya. Mwishowe ngazi ikawa ndefu mpaka mgeni akiitazama kutoka chini anakata tamaa. Kwa hiyo Oktoba 2020 wakaibana. Aliyelala akiwa 120 akaamka akiwa 50, na dari jipya likawekwa 60, pale pale lilipokuwa mwaka 2004. Hakuna aliyeibiwa nguvu, kila kitu kilipunguzwa kwa uwiano. Lakini namba ambayo mtu aliifanyia kazi miaka 16 ilibadilishwa siku ya marekebisho ya seva, kama noti zinapofutwa sifuri.

Agosti 2019 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imefungua seva za gemu ya zamani, ile yenye levo 60 na mwendo wa kobe, na foleni za kuingia zikawa za masaa. Watu wazima, wengi wao wenye wahusika wa levo 120 tayari, wakaanza tena kuua nguruwe pori kwa upanga butu. Agosti 2023 wakaongeza seva kali zaidi, ambazo wachezaji walishakuwa wanazicheza kwa kanuni zao wenyewe kabla hazijawa rasmi: ukifa mara moja, mhusika huyo hapandi tena. Levo ya 59 au ya 3, ni mamoja. Na wapo wengi waliofika 60 kwenye seva hizo, wakasimama mjini mahali penye watu, wasitoke tena nje ya geti.